Katuni ya dagaa inateleza kwenye emuleta, kwenye simu halisi inastaki: tatizo liko wapi?

Kichanja_Ilemela

Wakuu, habari za kazi.

Nina programu ya Android yenye katuni ya sekunde 45 inayofundisha kuanika dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani. Watakaoitumia ni wachakataji wa dagaa mkoani Mwanza: Mwaloni Kirumba, Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe, kwa hiyo simu zitakazoifungua ni za bei ya chini, nyingi za RAM GB 2. Wengine hawataisakinisha kabisa, watataka kutumiwa kwa WhatsApp.

Imeundwa hivi: watu na vichanja ni Lottie (maktaba ya kuchezesha katuni), faili moja la JSON lenye picha 36 za PNG ndani yake (vumbi la mchanga linalopeperuka), kila picha 720 kwa 1280. Maji ya ziwa nyuma yao yanachorwa na sheda ya GLSL (programu ndogo inayoendeshwa na chip ya michoro) ndani ya GLSurfaceView. Maandishi ya chini nayasogeza kwa msimbo wangu, pikseli 3 kila fremu (kila picha inayochorwa kiooni). Sauti ya msimulizi inapigwa na MediaPlayer, kivyake.

Kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya laptopu; API 34, laptopu ya RAM GB 16) kila kitu laini. Kwenye simu nne halisi, kila moja ina ugonjwa wake:

Simu A (RAM GB 2, Android 11): inastaki tangu mwanzo, ikifika sekunde ya 30 hivi programu inajifunga bila ujumbe wowote.

Simu B (kioo cha Hz 90, yaani kinabadilisha picha mara 90 kwa sekunde): maandishi yanakwisha msimulizi akiwa bado katikati ya maneno yake.

Simu C: watu hawasogei, inaonekana picha ya mwisho ya katuni tu. Nikiichomeka kwenye laptopu ili nione kosa, inacheza vizuri.

Simu D: mara ya kwanza sawa, lakini nikiiacha ijirudie, mawimbi yanaanza kurukaruka na hayatulii tena.

Je, kuna namna ya kuseti emuleta ili ione haya mapema? Au ni lazima kununua simu, na kama ni lazima, zipi?

---

Fremu60

Mkuu, emuleta unaiuliza swali ambalo si lake. Inaendeshwa na prosesa ya laptopu, na michoro inapelekwa kwenye chip ya michoro ya laptopu hiyohiyo. Hakuna mahali inapojigeuza prosesa dhaifu, kumbukumbu ya polepole au simu iliyopata joto. Itumie kukagua mpangilio wa kioo, matoleo ya Android, maandishi yakikuzwa, simu ikilazwa ubavu. Mwendo usiupime huko. Hata ukiiwasha kwa `-gpu swiftshader_indirect` ili michoro ichorwe na prosesa, utapata uzito usiofanana na wa simu yoyote iliyopo sokoni.

Naanza na Simu C kwa kuwa ndiyo inayochanganya watu. Simu ikiwekwa kwenye hali ya kuokoa chaji, baadhi ya simu na matoleo ya Android huzima animesheni za mfumo, yaani kipimo cha `animator_duration_scale` kinahesabiwa kuwa sifuri. Lottie ikikuta sifuri inakwenda moja kwa moja kwenye fremu ya mwisho na kubaki hapo. Ukichomeka waya wa USB simu inaanza kuchaji, hali ya kuokoa chaji inajizima, katuni inacheza. Ndiyo maana mezani kosa hulioni kamwe. Liite kwa makusudi huku waya umechomekwa, kwa adb (zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye laptopu):

`adb shell dumpsys battery unplug`
`adb shell settings put global low_power 1`

Funga programu, ifungue upya, utaikuta imeganda. Ukimaliza:

`adb shell settings put global low_power 0`
`adb shell dumpsys battery reset`

Hiyo ya mwisho usiiache, la sivyo simu itaendelea kuamini kwamba haijachomekwa chaja. Jaribio hili unaweza kulijaribu hata kwenye emuleta, ila si kila toleo la Android huzima animesheni hivyo. Angalia pia menyu ya wasanidi programu: kuna wamiliki wanaozima zile mizani tatu za mwendo ili simu ionekane nyepesi, na mafundi wengine huwafanyia hivyo bila kuwaambia.

Tiba ya haraka ni `setIgnoreDisabledSystemAnimations(true)` kwenye LottieAnimationView. Lakini kumbuka kuna anayezima mwendo kwa sababu unamletea kizunguzungu. Katuni yako ndiyo somo lenyewe, kwa hiyo mimi ningeiacha icheze, ila iwe na kitufe kikubwa cha kusimamisha. Vitufe vinavyodundadunda na mapambo mengine viache vitii mfumo.

Simu A ina magonjwa mawili. Kujifunga kunatokana na kumbukumbu. Uzito wa faili la PNG hauna maana hapa. Picha ikishafunguliwa inakula upana mara urefu mara baiti 4. 720 × 1280 × 4 ni baiti 3,686,400. Zidisha kwa 36, unapata zaidi ya MB 132 za vumbi tu. Simu ya GB 2, ukishatoa mfumo wenyewe na programu zilizoko nyuma, haina cha kukupa. Na kuanzia Android 8.0 picha hizo hukaa nje ya eneo la Java, ndiyo maana hukuona OutOfMemoryError: mfumo unaiua programu kimyakimya. Thibitisha hivi:

`adb shell dumpsys meminfo com.mfano.dagaa`
`adb shell dumpsys activity exit-info com.mfano.dagaa`

Ya kwanza irudie kila sekunde 10 katuni ikicheza, uangalie mistari ya Native Heap, Graphics na TOTAL PSS. Zikipanda tu bila kushuka, umempata mwizi. Ya pili ipo kuanzia Android 11 na inataja sababu ya programu kufa. Ukikuta LOW_MEMORY huhitaji kubishana na mtu.

Punguza picha ziwe 360 kwa 640. Kila moja inabaki baiti 921,600, zote 36 ni MB 33. Vumbi halina kingo kali, likitanuliwa mara mbili jicho haligundui. Lakini ningekushauri uzitoe kabisa na kuchora vumbi kama maumbo matano au sita ya vekta yenye uwazi unaobadilika.

Kustaki ni kesi nyingine. Kwanza hakikisha unapima toleo la release (la kusambaza). Toleo la debug (la kutafutia makosa) linaendeshwa bila maboresho mengi, na programu iliyosakinishwa sasa hivi bado msimbo wake haujageuzwa kuwa wa mashine, kwa hiyo dakika za mwanzo unapima kitu ambacho mtumiaji hatakutana nacho kila siku. Utaratibu:

`adb shell cmd package compile -m speed -f com.mfano.dagaa`
`adb shell dumpsys gfxinfo com.mfano.dagaa reset`

Cheza katuni yote, kisha:

`adb shell dumpsys gfxinfo com.mfano.dagaa`

Soma Janky frames (fremu zilizochelewa), halafu 90th na 95th percentile (muda ambao fremu 90 au 95 kati ya 100 hazikuuzidi). Kioo cha Hz 60 kinakupa milisekunde 16.67 kwa kila fremu, cha Hz 90 kinakupa 11.1. Ile 50th isikutulize: inaweza kuwa milisekunde 9 na bado watu wakaona mkwamo, kwa sababu jicho linakamata fremu chache zilizochukua milisekunde 60. Chini kidogo kuna Slow bitmap uploads. Ikiwa juu, ni picha zako. Slow UI thread ikiwa juu, Lottie inahesabu vitu vingi mno, na kwenye Lottie mzigo mkubwa kuliko yote ni maski na mati (maumbo yanayoficha sehemu ya picha). Gharama yake inakua kulingana na eneo ambamo maski na safu vinakutana. Kama umeweka maski ya kioo kizima ili dagaa waonekane wakikauka taratibu, ipunguze iwe sawa na kichanja chenyewe. Ukungu na vivuli laini viondoe, chora kivuli kama umbo la kijivu.

Simu B umejieleza mwenyewe: pikseli 3 kila fremu. Kwenye Hz 60 ni pikseli 180 kwa sekunde, kwenye Hz 90 ni 270, na kwenye simu inayofikisha fremu 40 ni 120. Kwa hiyo simu mbovu inachelewesha maandishi na simu nzuri inayawahisha. Usihesabu fremu, hesabu muda. Na kwa kuwa una msimulizi, fanya sauti yake ndiyo iwe saa ya kila kitu: kila fremu soma `getCurrentPosition()` ya MediaPlayer, weka maandishi mahali panapostahili kwa milisekunde hiyo, na Lottie uipe `setProgress()` badala ya kuiacha ijiendeshe. Kwenye baadhi ya simu namba ya MediaPlayer inasonga kwa hatua kubwa. Hapo kati jazia kwa saa ya mfumo tangu usomaji wa mwisho. Faida nyingine: simu ikipigwa katikati ya somo, ukisimamisha sauti picha zinasimama nayo. Na ukitumia Choreographer (saa ya fremu ya Android) kuisukuma `setProgress()`, ile hali ya kuokoa chaji haikugusi tena, kwa hiyo Simu C inapona hapohapo.

---

Sheda_Nyegezi

Nakubaliana na Fremu60, ila nyongeza moja kabla hujaanza kupima: gfxinfo haiyaoni maji yako. Inahesabu fremu zinazochorwa na mfumo wa kawaida wa View. GLSurfaceView ina uso wake peke yake, kwa hiyo unaweza kupata ripoti safi kabisa huku ziwa limeganda. Uso huo unapimwa hivi:

`adb shell dumpsys SurfaceFlinger --list`

Tafuta jina lenye SurfaceView na jina la programu yako (Android 12 na kuendelea chagua lile lenye BLAST), kisha:

`adb shell "dumpsys SurfaceFlinger --latency 'jina-lote-hapa'"`

Mstari wa kwanza ni muda wa kioo kwa nanosekunde, 16666666 au karibu yake. Inayofuata ina safu tatu; chukua ya katikati, toa kila mstari kutoka ule unaoufuata, upate umbali kati ya fremu na fremu. Ukikuta 33 milioni, fremu moja imepotea. Ukikuta 50 milioni, mbili.

Sasa Simu D. Bila kuiona sheda yako, nina hakika imeandikwa `precision mediump float;` juu kabisa, na muda unaingia kama sekunde zinazoongezeka bila kikomo. Kwenye chip nyingi za simu mediump ni namba ya biti 16, yenye tarakimu 11 tu za maana kwa hesabu ya mbili. Tazama kinachotokea muda unavyokua. Kati ya sekunde 16 na 32, hatua ndogo kabisa ambayo namba hiyo inaweza kupiga ni 1/64 ya sekunde, sawa na fremu moja hivi, hivyo huoni kitu. Ikivuka 32, hatua inakuwa 1/32: maji yanasogea mara 32 tu kwa sekunde hata kama unachora 60. Ikivuka 64, hatua ni 1/16. Hapo ndipo mawimbi yanaporuka, na kwa katuni ya sekunde 45 utavuka 64 katikati ya marudio ya pili, kama ulivyoeleza. Ukiiacha mpaka sekunde 128 itakuwa mara nane kwa sekunde.

Emuleta haiwezi kukuonyesha hili kwa sababu chip ya laptopu inachukulia mediump kuwa biti 32. Na kuna simu zinazofanya vivyo hivyo, ndiyo maana A, B na C hazikulalamika au hukuziacha muda wa kutosha.

Kubadilisha kuwa highp (usahihi wa juu) kunasaidia, ila kwenye OpenGL ES 2.0 highp ndani ya sheda ya vipande (fragment shader) si lazima iwepo, utahitaji kuzungushia `#ifdef GL_FRAGMENT_PRECISION_HIGH`. Dawa ya uhakika ni kuukata muda kabla haujaingia kwenye sheda. Kama mawimbi yako yana kasi mbili, tuseme sin(t) na sin(0.5 × t), yote mawili yanarudi mwanzo baada ya 4π, yaani sekunde 12.57. Upande wa Kotlin chukua salio la muda kwa 4π, kwa namba ya biti 64, ndipo utume. Muda hautavuka 16 milele na hatua inabaki 1/128. Kasi zako zikiwa namba zenye mzunguko wa pamoja mrefu mno, kama 1 na 0.37, zibadilishe, hakuna mtazamaji atakayejua.

Wakati uko hapo, usichore maji kwa ukubwa wote wa kioo. Simu ya 720 kwa 1600 ina pikseli 1,152,000 za kupaka kila fremu, na chip kama PowerVR GE8320 inaanza kulemewa mapema. `holder.setFixedSize(360, 800)` inakuachia 288,000, robo tu, na mfumo unatanua wenyewe. Maji hayana herufi, yanavumilia.

Pima pia joto. Weka katuni ijirudie dakika 15 nje, si chini ya feni. Chukua vipimo vya dakika ya kwanza na vya dakika ya 15. Kuanzia Android 10 kuna `adb shell dumpsys thermalservice`; hadhi ikitoka 0 ikafika 2 au 3, prosesa inashushwa kasi na kioo kinaweza kupunguzwa mwanga. Jua la mchana pale Mwaloni, simu iko mkononi mwa mtu anayeanika: hayo ndiyo mazingira ya kazi ya programu yako, na dakika mbili za majaribio kwenye chumba chenye kivuli hazisemi lolote juu yake.

---

Kichanja_Ilemela

Asanteni sana wakuu. Sheda ni mediump kweli, na muda unaongezeka tu. exit-info ya Simu A imeandika LOW_MEMORY.

Imebaki ya WhatsApp. Nimerekodi kioo kwa `adb shell screenrecord`, 1080 kwa 1920, nikaunganisha na sauti ya msimulizi, lakini baadhi ya simu zinakataa kuifungua na nyingine zinacheza sauti, picha nyeusi. Pia kuna watu wa visiwani wenye vitochi vya KaiOS (mfumo wa simu za vitufe), je, nao wanaweza kupata kitu?

---

Video_Nansio

Usirekodi kioo ili kupata video ya kusambaza. Kurekodi kwenyewe kunaipa simu mzigo, na fremu zilizopotea zinabaki ndani ya video milele. Toa video moja kwa moja kutoka programu uliyochorea katuni, kisha ipitishe kwenye ffmpeg:

`ffmpeg -i dagaa.mov -vf "scale=480:-2,fps=24" -c:v libx264 -profile:v baseline -level 3.0 -pix_fmt yuv420p -b:v 400k -c:a aac -b:a 64k -ac 1 -movflags +faststart dagaa.mp4`

Namba hizi zina sababu. Video ya wima ya 1080 kwa 1920 ikishushwa inakuwa 480 kwa 854. Ukigawa kwa miraba ya pikseli 16 unapata 30 kwa 54, yaani miraba 1,620, ambayo ndiyo kikomo kamili cha level 3.0 (daraja la usimbaji wa video wa H.264). Kikomo cha sekunde ni miraba 40,500. Fremu 24 zinatumia 38,880, umo ndani. Ukiweka fremu 30 unafika 48,600, umetoka, na visimbuaji vya simu za zamani vina haki ya kukukatalia. Ile `-2` inahakikisha urefu unagawanyika kwa mbili, bila hivyo yuv420p haikubali. Picha nyeusi yenye sauti mara nyingi ni video iliyotolewa kwa yuv444p au profaili ya juu ambayo chip ya simu haiwezi kuifungua. `faststart` inahamishia faharasa mwanzoni mwa faili, ili anayeifungua kwenye tovuti aanze kuona kabla haijashuka yote.

Uzito: kilobiti 400 za picha na 64 za sauti kwa sekunde 45 ni MB 2.6 hivi. Kwa mtu wa bando dogo hiyo ni bei anayoweza kuikubali. Ukitoa maji yanayosogea nyuma, unaweza kushuka hadi kilobiti 250 bila kuharibu watu, maana mawimbi ndiyo yanayomeza biti zote. Ningeyafanya yatulie kabisa kwenye toleo hili.

Kisha itume kwa WhatsApp kwenye simu nyingine na uikague ile iliyofika, kwa kuwa WhatsApp inaikandamiza tena. Maandishi membamba hufia hapo. Herufi zisiwe chini ya pikseli 28 kwa upana huo wa 480, rangi nyeupe yenye ukingo mweusi.

Ukitaka stika zinazosogea (mkono unaogeuza dagaa, jua linalochomoza), masharti ni WebP ya 512 kwa 512, isiyozidi KB 500, jumla isizidi sekunde 10, na kila fremu isipungue milisekunde 8. Pakiti ina stika 3 hadi 30. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha kabisa. Usitumie GIF: muda wake unahesabiwa kwa mia moja ya sekunde, rangi 256 tu, na ukiandika ucheleweshaji wa 0 au 1 vivinjari vinaugeuza kuwa 10, katuni inatambaa.

Mtandao nao ujaribiwe. Emuleta inaweza hili vizuri: iwashe kwa `-netspeed edge -netdelay edge`. Kwenye simu halisi chagua 3G pekee kwenye mipangilio ya laini, kisha 2G, uone programu inasema nini wakati faili halijafika. Kioo cheupe kisicho na neno lolote kinamfanya mtu adhani programu imekufa na kuifuta.

---

Kitochi_Kwanza

Kuhusu vitochi vya KaiOS. Toleo la 2.5 linatumia injini ya Gecko 48, kioo ni 240 kwa 320, RAM MB 256 au 512, hakuna kugusa, ni vitufe tu. WebP haifunguki, kwa kuwa Firefox iliipata kwenye toleo la 65, mwaka 2019. Kwa hiyo ukipeleka ukurasa wenye WebP utaona fremu tupu, na kivinjari cha laptopu ulichokipunguza hadi 240 kwa 320 kitakuonyesha kila kitu kizuri. Huo si majaribio, ni kupunguza dirisha.

Njia inayofanya kazi ni ukanda wa picha: fremu 12 za 240 kwa 240 zimepangwa kwenye PNG moja, unasogezwa kwa CSS yenye `steps(12)`. Zikifunguliwa zote ni MB 2.8 tu. Usogeze kwa `transform`, usiguse `left` wala `top`, maana hizo zinakilazimisha kivinjari kipange ukurasa upya kila fremu. Fremu 6 hadi 8 kwa sekunde. Kitufe cha katikati kicheze na kusimamisha, kishale cha kulia kiende hatua inayofuata ya somo, na yote yaandikwe chini ya kioo pale ambapo mtumiaji wa kitochi amezoea kuangalia.

Wanaotumia Opera Mini kwenye hali ya kubana sana ni kundi jingine. Ukurasa unatengenezwa kwenye seva na kuletwa ukiwa umetulia. Animesheni ya CSS haichezi. Kwa hao weka picha nne zilizotulia zenye maelezo: kichanja, kumwaga, kugeuza, kufunga.

---

Fremu60

Narudi kwenye swali la simu za kununua. Mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza, RAM GB 2, kioo cha 720, Hz 60, Android Go (Android iliyopunguzwa kwa simu dhaifu), yenye chip ya michoro ya PowerVR. Hiyo ndiyo hakimu. Ikipita hapo imepita. Ya pili, kioo cha Hz 90 au 120 yenye chip ya michoro ya aina ya Mali, kwa ajili ya makosa ya kasi kama lile la maandishi. Ukinunua iliyotumika, uliza kama kioo kimebadilishwa. Vioo vya kopi vina rangi na mwanga tofauti, kwa mwendo ni sawa, lakini usiamue rangi za maandishi kwa kuviangalia. Na usiifute simu ikawa safi. Iache na WhatsApp, picha za familia na nafasi iliyobaki ya GB 1, kwa sababu ndivyo zilivyo mikononi mwa watu.

Mkwamo ambao vipimo havionyeshi lakini jicho linauona, urekodi kwa simu nyingine yenye kamera ya fremu 240 kwa sekunde. Kioo cha Hz 60 kikiwa sawa, kila picha ya katuni inaonekana kwenye fremu 4 za kamera. Ukihesabu 8, imepotea moja. Weka namba ndogo inayobadilika kila fremu pembeni ya katuni kwenye toleo la majaribio, kuhesabu kunakuwa rahisi.

---

Sheda_Nyegezi

Kwenye hiyo namba ya pembeni, ichore ndani ya sheda ya maji pia, si kwenye View peke yake. Zitakuwa namba mbili, moja ya kila uso. Zikiachana, maji na watu haviendi pamoja, na hapo ndipo kichanja kinapoonekana kinaelea juu ya ziwa.

---

Kichanja_Ilemela

Nimeelewa. Naanza na saa ya sauti na picha za 360 kwa 640, nipime 95th kwenye Simu A kabla sijagusa maski, ili nijue kila badiliko limeshusha milisekunde ngapi.

---

Fremu60

Sawa kabisa, badiliko moja kwa kila kipimo. Pima mara tatu kila badiliko, uchukue ya katikati, na kati ya kipimo na kipimo iache simu dakika 5 ipoe.